Karatasi Tupu Shavuni mwa Baba

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla ya saa mbili asubuhi, nilikuwa napita kichinjioni Kitale kuchukua mashavu ya mbuzi. Nyama sikuitaka. Nilitaka ile ngozi laini ya ndani, ile unayoigusa ukipitisha ulimi ndani ya shavu lako mwenyewe. Mchinjaji alinizoea, akawa ananiwekea kwenye mfuko wenye barafu bila kuuliza kitu. Wenzake ndio waliouliza. Mmoja alisema, akijua namsikia, kwamba huyu mama lazima ana mganga wake huko Suam, maana mtu mwenye akili zake hanunui mdomo wa mbuzi akaacha kichwa. Nilichukua mfuko wangu nikaondoka. Mimi si mtu wa kujieleza asubuhi.

Mashavu hayo niliyapeleka kazini, kwenye chumba kimoja nyuma ya chuo ambako tulikuwa tunatengeneza dawa ya maumivu ya kubandika mdomoni. Mgonjwa wa koo hawezi kumeza kidonge, na hata dawa ya maji inampalia. Sindano inahitaji muuguzi, na muuguzi hawezi kuhamia nyumbani kwa mtu. Lakini shavu, kwa ndani, lina mishipa midogo mingi ya damu chini ya ngozi nyembamba, na dawa ikipenya hapo inaingia kwenye damu moja kwa moja bila kuzungukia tumboni. Hilo lilijulikana kabla sisi hatujazaliwa. Kazi yetu ilikuwa kutafuta utando bora zaidi, unaokaa shavuni saa nne bila kubanduka, unaoachilia dawa polepole, na usiojikunja kwa joto la nyumba ya mabati.

Tulikoroga unga mweupe kwenye maji mpaka ukawa mzito kidogo, tukaumimina juu ya kioo, tukaukausha, kisha tukaukata vipande vya ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Vipande vingine vilikuwa na dawa, vingine vitupu. Vyenye dawa vilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkubwa wangu na mwingine kwa mkuu wa idara, na havikuruhusiwa kuingia kinywani mwa binadamu yeyote mpaka kibali kitoke Nairobi. Faili letu lilikuwa limekwenda Nairobi likarudishwa kwa sababu ya ukurasa mmoja uliokosa sahihi. Vile vitupu vilikaa kwenye droo yangu. Tulivitumia kujaribu kama utando unashika: wanafunzi walivibandika shavuni, wakakaa kwenye benchi bila kunywa chai, na mimi nikahesabu dakika.

Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Lilikuwepo zamani, likazibwa kwa matofali ili unyevu wa mvua za Kitale usituharibie kazi. Nilishinda humo chini ya taa, nikitoka napepesa macho kama mtu aliyeamshwa. Lakini nisisingizie matofali. Nilijiona mfungwa kwa sababu baba yangu alikuwa Bungoma, koo limemfunga, uji wenyewe unapita kwa kubembelezwa, na mimi nashinda nikikata dawa aliyoihitaji, dawa ambayo sikuruhusiwa kumpa. Jamaa za wafanyakazi walikatazwa kabisa kuingia kwenye majaribio. Ile fomu ya makatazo niliitia sahihi kwa mkono wangu, tena kwa kalamu nzuri.

Baba alikuwa amestaafu kazi ya ugani. Kwa miaka mingi alizunguka mashamba ya watu akiwaonyesha nafasi ya kupanda mahindi, akipima kwa nyayo zake mwenyewe. Alikuwa mtu wa maneno machache na sifa chache zaidi. Alitaka niwe daktari wa watu. Nilipoishia kusomea utengenezaji wa dawa, aliwaambia majirani kwamba nimesomea duka. Nikiwa na cheti changu mkononi, nimevaa joho, alinipa mkono kama anavyompa mkono mkulima aliyevuna wastani. Nilimkasirikia kwa hilo kwa miaka, na yeye sidhani aliwahi kujua.

Kitu kimoja zaidi lazima nikiseme kuhusu baba, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Siku ya kutahiriwa kwake alisimama uani amepakwa matope ya mtoni, macho juu, na kisu kilipopita hakupepesa kope. Hayo sikuyasikia kwake. Niliyasikia kwa wanarika wenzake, wazee waliotahiriwa msimu mmoja naye. Kwetu mwanarika ni zaidi ya ndugu wa tumbo moja. Anaweza kukutania mbele ya wakwe zako na huna la kufanya, na ukijikunyata kwa maumivu mbele yake, hata ukiwa na miaka sabini na nne, unakuwa umeifuta ile asubuhi yote. Wanarika wa baba waliobaki walikuwa watatu, na walikuwa wanakuja kumwona kila wikendi.

Kliniki ya hospitali ilikuwa imempa morfini, dawa ya maji, ya kunywa kidogo kila baada ya saa nne. Ilimpalia. Ilimfanya akohoe mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lakini ilifanya kazi, na hilo nililiona kwa macho yangu: baada ya kama nusu saa paji la uso wake lilikunjuka, akaanza kuuliza habari za ng'ombe. Alikuwa ameitumia wiki mbili wakati mimi nilipoingilia.

Jumamosi moja nilifunga safari kutoka Kitale na vipande vitatu vitupu kwenye kikopo cha plastiki. Nilikuwa na sababu mbili, na zote nitazisema. Ya kwanza ilikuwa ya kazi: tulikuwa tumejaribu utando wetu kwa mbuzi na kwa wanafunzi wenye afya, wenye midomo iliyojaa mate, na hakuna aliyekuwa amejaribu kwenye kinywa cha mgonjwa. Ya pili ni kwamba sikuweza tena kuingia nyumba ile mikono mitupu. Kila wikendi mama alinitazama mkoba kabla ya kunitazama uso.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Mama alikuwa jikoni, nje. Tulikuwa wawili tu.

"Baba," nikamwambia, "hii haina dawa ndani. Ni ya kujaribu tu kama inashika. Ukiona inakusumbua tunaitoa."

Akaitikia kwa kichwa. Nikavuta shavu lake taratibu, nikabandika.

Haikushika. Ilikaa pale kavu, pembe zimeinuka, kama kipande cha ganda la mahindi. Nikangoja dakika kumi, ikawa vile vile. Ndipo nikaangalia ulimi wake na kuona ulivyokauka, una mipasuko, na nikaelewa kosa letu la mwaka mzima. Utando wetu ulihitaji mate ili ulainike na kuachilia kilichomo, na mgonjwa wa aina hii, kwa ugonjwa na kwa dawa zake, hana mate. Tulikuwa tumetengeneza dawa nzuri sana kwa watu wasioumwa. Nikachovya kidole kwenye maji, nikalowesha shavu lake, nikabandika kingine, na hicho kikashika.

Nilikuwa bado nakiangalia shangazi yangu alipoingia. Ni dada yake baba, ameolewa Kamukuywa, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hajawahi kubisha hodi kwa kaka yake. Alikuwa na mfuko wa maparachichi ambayo baba asingeweza kula.

"Ni nini hiyo anawekwa kwa mdomo?" akauliza.

Nikafungua mdomo kujibu. Baba akanitangulia.

"Ni dawa ya huyu. Ametoka nayo Kitale."

"Hiyo kalatasi? Na inasaidia?"

Baba akapitisha ulimi shavuni, kama anayesikiliza kitu humo.

"Uchungu umepungua," akasema. "Huyu mtoto wangu ametengeneza dawa."

Ningesema hapo hapo. Ilikuwa sentensi moja tu, na nilikuwa nimeshaisema robo saa iliyopita bila taabu. Lakini masikio yangu yaliwaka moto. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na nilikuwa sijawahi kumsikia mzee huyu akimwambia mtu yeyote kwamba nimefanya kitu. Nilifurahi. Nilifurahi kijinga, kama mtoto aliyeitwa mbele ya shule, na nikatazama chini nikifunga kikopo changu. Shangazi akapiga kigelegele kifupi, mama akaja mbio kutoka jikoni na mikono ya unga kuuliza kuna nini, na baada ya hapo ikawa vigumu.

Njiani kurudi Kitale nilijitafutia sababu. Katika kazi yetu inajulikana kwamba mtu akipewa kitu kitupu na akakiamini, anaweza kupata nafuu ya kweli. Nikajiambia baba labda hakunisikia vizuri, ameamini, na kama ameamini na amepata nafuu, mimi ni nani wa kumnyang'anya. Nilisoma miaka minne ili niweze kujidanganya kwa ufasaha namna hiyo.

Jumatatu nilimwambia mkubwa wangu kwamba tunapaswa kujaribu kwenye shavu kavu: tufute mashavu ya mbuzi kwa kitambaa, tuone. Mkubwa wangu ni mtu mpole, amezaliwa na kukulia Kachibora kwa wazazi waliohamia huku kutoka Mkoa wa Kati, na ana tabia ya kuvua miwani anapotaka jibu la kweli. Akaivua.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Nimewaza tu, Daktari."

Akairudisha, akaandika wazo langu ubaoni, na chini yake akaandika jina langu. Tulijaribu wiki hiyo hiyo, na utando haukushika. Akanisifu mbele ya wanafunzi. Nikawa sasa nasifiwa miji miwili kwa uongo mmoja, na kila nilipoinua macho niliona jina langu pale ubaoni, katika chumba kisicho na pa kutazama kwingine. Baadaye sana nilimwambia ukweli. Aliniambia niandike kwenye daftari la kazi jinsi nilivyolipata wazo lile, neno kwa neno, nami nikaandika.

Jumatano mama akapiga simu. "Baba yako anasema ulete zingine."

Nikakata zingine. Jumamosi ya pili nilipeleka kumi. Nilipofika, kiti cha baba kilikuwa kimetolewa barazani, naye amevalishwa koti lake la kazini, lile la mifuko minne, na wanarika wake watatu wamekaa mbele yake. Mmoja, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, aliomba aone. Akakiinua kipande kwenye mwanga.

"Ati hii ndiyo inashinda ile ya hospitali?"

"Nimeacha hata ile ya chupa," baba akasema. "Tangu wiki ile."

Wazee wakanitazama kwa heshima ambayo wasichana wa kwetu hawapewi bure. Mimi nilikuwa nimesikia neno jingine. Nikazunguka nyuma jikoni.

"Mama, ni kweli hanywi ile ya maji?"

"Hataki. Nikimpelekea anageuza uso. Anasema yako inatosha." Alikuwa anachambua sukuma wiki, akaendelea kuchambua. "Si ni vizuri? Ile ilikuwa inamnyonga."

"Basi mwambie anywe zote mbili."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye daktari wake sasa."

Nikarudi barazani, nikainama sikioni mwake, nikasema kwa sauti ya chini kwamba ile ya maji aendelee nayo. Alinijibu kwa sauti yake ya kawaida, ili wote wasikie. "Ya nini, mama? Si yako inafanya kazi?" Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mamake. Wazee wakacheka kwa raha. Nikacheka nao.

Hapo nilijua, na sitaki mtu anionee huruma aseme kwamba sikujua. Nilimtazama akiwa anacheka na nikaona mkono wake wa kulia umeshika mbao ya kiti, na ukucha wa kidole gumba unachimba vanishi. Mahali pale palikuwa tayari pamechubuka, mbao nyeupe inaonekana. Lakini niligundua kwamba nimejifungia ndani na ufunguo umebaki nje. Nikisema hazina dawa, namfanya baba mwongo mbele ya watu pekee aliowaogopa duniani. Nikinyamaza, haumwi mwingine ila yeye. Nikaondoka Jumapili bila kusema. Nilimwachia mama vipande saba vilivyobaki na nikamkumbusha kulowesha shavu kwa maji, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa muhimu.

Wiki hiyo nilifanya kazi vibaya. Nilikata vipande vya upana usiolingana, nikasahau mashavu ya Alhamisi nje ya barafu, chumba kikanuka. Mara mbili nilisimama mbele ya lile kabati la chuma na kulitazama. Sikuwa na ufunguo hata mmoja. Nisingejua pia, hata ningekuwa nazo zote mbili, kama kile kipande kingemsaidia au kingemzima pumzi, kwa sababu ndicho hicho tulichokuwa bado hatujakijua. Watu wakisikia kwamba dawa ipo kabatini wanadhani ni roho mbaya tu inayoizuia. Mimi niliyeitengeneza ndiye niliyejua kwamba haijawa dawa.

Jumamosi ya tatu sikwenda. Tulikuwa na wageni kazini na nilishukuru kuwa na kisingizio. Nilipiga simu, nikaambiwa mzee yuko sawa.

Jumamosi ya nne nilikuta muuguzi wa kliniki nyumbani, amekuja kwa pikipiki kumwona baba kama alivyofanya kila mwezi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkubwa kuliko mimi kidogo, mwenye mkoba wa bluu uliochakaa. Kabla ya kumpa mgonjwa chupa mpya, huomba aone ya zamani. Mama akaileta. Dawa ilikuwa imebaki nusu, pale pale ilipoachwa wiki tatu nyuma.

Akaiweka mezani, akamgeukia baba. Alimshika mkono, akapima mapigo, akamuuliza maumivu yakoje, baba akasema hakuna shida. Akamshukuru. Kisha akaniita nje, karibu na tangi la maji.

"Wewe ndiye wa Kitale?"

"Ni mimi."

"Unampa nini?"

Nikamwambia yote. Sikujua kwamba nilikuwa nayabeba kwa uzito ule mpaka nilipoona nimekaa chini kwenye tofali. Yeye alisimama, ananisikiliza, anafunga na kufungua zipu ya mkoba wake.

"Kwa hivyo ni tupu."

"Ni tupu."

"Na ulimwambia?"

"Siku ya kwanza. Lakini hakusikia, au alisahau. Yeye anaamini inamsaidia."

"Dada," akasema, "huyo mzee anaumia vibaya sana. Mapigo yake yanakimbia na amekaa tu kitini. Shuka lake umeliona?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia ndani, akarudi na shuka, akatuonyesha pembe moja. Ilikuwa imetafunwa mpaka nyuzi zimeachana. Alisema alidhani ni panya. Alisema hivyo akinitazama, na sote watatu tulijua hakuwahi kudhani ni panya.

Muuguzi akanifundisha pale pale, kwa sirinji isiyo na sindano. Usimnyweshe, akasema. Mlaze kidogo upande, umloweshe mdomo kwanza kwa maji, halafu udondoshe hapa, kati ya shavu na ufizi, tone kwa tone, ungoje, udondoshe tena. Ataanza na kipimo kidogo kwa sababu ameikatiza. Niliangalia kidole chake kikionyesha mahali pale ndani ya shavu lake mwenyewe na nikataka kucheka. Mwaka mzima wa mashavu ya mbuzi, na huyu mama wa pikipiki alikuwa anafanya hivyo nyumba kwa nyumba, kwa matone.

"Lakini mimi nikimpa atakataa," akasema. "Ni wewe utamwambia. Na usichelewe, bana."

Tulisikia fimbo mlangoni mwa ua. Wanarika walikuwa wamefika.

Nilifikiria kungoja waondoke. Ndiyo adabu, na ndiyo njia ambayo binti yeyote aliyelelewa vizuri angeichukua. Lakini nilimjua baba. Nikimwambia faraghani, angesema sawa, nimesikia, na chupa ingeendelea kukaa vile vile, kwa sababu alikwisha kusema neno mbele ya rika lake na neno hilo halirudishwi kwa mlango wa nyuma. Kama lingerudishwa, lingerudishwa mbele yao. Nilinawa uso kwa maji ya tangi, nikaingia, muuguzi nyuma yangu.

Walikuwa wamekaa sebuleni kwa sababu kulikuwa na wingu. Mama alikuwa amewapa chai. Baba alikuwa kitini mwake, amevaa lile koti, kipande kimoja kimo shavuni. Nikasimama katikati ya chumba, mahali ambapo binti hasimami wazee wakiongea.

"Wazee, mnisamehe," nikasema. "Karatasi nilizokuwa namletea baba hazina dawa. Hazijawahi kuwa na dawa. Ni za kujaribu. Nilijua na nikanyamaza."

Mwalimu mkuu mstaafu akaweka kikombe chini polepole. "Ati hazina dawa? Na si mwenyewe alituambia hapa..."

Hakumaliza. Wote watatu wakageuka kumtazama baba. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemvua mzee wangu nguo mbele ya macho yale, na ilikuwa mikono yangu iliyofanya hivyo.

Baba akaingiza vidole viwili mdomoni, akakitoa kile kipande, akakiweka kwenye kisahani cha chai. Alichukua muda wake.

"Najua," akasema. "Huyu aliniambia siku ya kwanza. Mimi si kiziwi."

Mimi ndiye niliyeuliza.

"Sasa, Baba, kwa nini?"

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa hivyo wiki zote hizo.

"Si ulikuwa unafurahi, mama," akasema. "Mimi sikuwahi kukuona hivyo."

Kisha akawageukia wale wazee, mmoja baada ya mwingine, akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, si alipovunjika mkono, si alipomzika kaka yake.

"Naumia."

Nikaenda kuchukua chupa. Nilikosea kipimo mara mbili, mimi ninayefundisha wanafunzi vipimo, mpaka muuguzi akanishika kiwiko. Niliporudi, mwalimu mkuu alikuwa ameinuka na kwenda nyuma ya kiti. Alikuwa amekishika kichwa cha baba kwa viganja vyote viwili, amekiinamisha kidogo upande, kama muuguzi alivyomwonyesha. Wenzake wawili walikuwa wametazama ukutani. Nikamlowesha mdomo. Nikadondosha tone la kwanza, nikangoja.

Baba aliishi miezi miwili na nusu baada ya hapo, na chupa zilikuwa zinaisha na kubadilishwa. Kibali cha Nairobi kilikuja alipokuwa amekwisha kuzikwa. Bado nafanya kazi pale, kwenye kile chumba, na utando tulionao sasa unalainika hata kwenye mdomo mkavu. Watu wakiniuliza tuliwezaje, ninawaambia kwamba baba yangu alinisaidia, na wanadhani nazungumza juu ya karo. Kutoka kipande cha kwanza mpaka tone hilo la kwanza zilikuwa siku ishirini na moja, na zote aliumia ili mimi nifurahi.